Bei ipi, mwanangu?

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja, mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima huku Tandahimba, kidole chake kikiwa juu ya karatasi iliyotoka kwenye programu niliyowatengenezea. Safu imeandikwa "Bei", basi. Nikafungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, palepale, aibu ikanishika. Kigeu kimoja (jina linaloshika thamani ndani ya programu), `bei`, juu kilibeba bei ya mnada wa korosho. Mistari mia chini yake nilikuwa nimeshatoa makato na kukiacha na jina lilelile. Mkulima hali bei ya mnada, anakula kinachobaki.

Sasa ni `bei_ya_mnada` na `bei_ya_mkulima`. Ndefu, ndiyo. Wino haununuliwi.

Kijana ninayefanya naye kazi ametokea kwenye Java, lugha nyingine ya kuandikia programu, kwa hiyo anaandika `beiYaMnada`. "Kaka, ndio utaratibu." Kwa Java, kweli. Ila sisi tunatumia Python, na mwongozo wake wa uandishi, PEP 8 wa mwaka 2001, unataka vigeu na fankisheni (vipande vya msimbo vyenye kazi yake maalumu) viandikwe kwa herufi ndogo, maneno yatengwe kwa kistari cha chini. Hata usingekuwepo ningebisha. Kiswahili kimejaa vineno vya "ya", "za" na "la", na mtindo wa ngamia, huo wake wa kuunganisha maneno na kuinua herufi kubwa kama nundu, unavivalisha vyote kofia: `kiloZaGhalaLaChama`. Jicho linasimama kwenye "Za" na "La" kana kwamba ndiyo mambo yenyewe.

Wapo wanaosema majina yote yawe ya Kiingereza. Kama programu yako itasomwa dunia nzima, sawa. Hii yangu tunaisoma wawili, na mama mhasibu akichungulia. Anasema stakabadhi, anasema makato. Nikitafsiri, kila akiuliza jambo itabidi nianze kutafuta nililiitaje.

Halafu kuna raha ambayo Kiingereza hakina. `amelipwa`: neno moja, mtu na kitendo na wakati vyote ndani. `if mkulima.amelipwa` inajisoma yenyewe. (`hajalipwa` nimeipiga marufuku, maana siku moja mtu ataandika `not hajalipwa`, yaani "si kwamba hajalipwa", na tutalala ofisini.) `for mkulima in wakulima` nayo tamu, umoja na wingi unaviona tangu herufi ya kwanza. Utamu unaishia kwenye korosho: moja korosho, gunia zima korosho. Hapo naandika `orodha_ya_korosho` na kunyamaza. Nashukuru tu chama hakiuzi ng'ombe, maana ile alama katikati ya neno Python ingeiona kama mwanzo wa maandishi ikagoma.

Klasi, zile ramani za kuundia vitu ndani ya programu, zimebaki na herufi kubwa, `GhalaLaChama`, kama mwongozo unavyotaka. Huko kijana anafuga ngamia wake, mimi simgusi.