Ukeketaji na hoja ya mwanamke mzima

Mwaka 2017 daktari Mkenya, Tatu Kamau, alikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji. Kiini cha hoja yake kilikuwa mwanamke mzima: ikiwa Katiba inampa haki ya kufuata utamaduni wake, na ikiwa anaruhusiwa kujiamulia mambo mengine yanayohatarisha mwili wake, kwa nini azuiwe katika hili? Machi 2021 majaji watatu waliitupa kesi hiyo. Naamini waliamua sawasawa. Lakini hoja ile haikustahili kuzomewa kama ilivyozomewa, inastahili kujibiwa.

Kwanza, ina historia nyuma yake. Mwaka 1929 wamishenari katika nchi ya Wagikuyu waliwataka waumini waape kuiacha desturi hiyo, la sivyo watengwe na kanisa. Wengi walitoka, wakajenga shule na makanisa yao. Mwaka 1956 huko Meru, marufuku ilipotangazwa, wasichana kwa maelfu waliikaidi na wengine wakakeketana wao kwa wao. Kizazi kilichorithi kumbukumbu hizo, kikisikia leo mhubiri au afisa akikemea "mila potofu", kinaisikia sauti ya mkoloni, na si haki kukilaumu kwa hilo. Isitoshe, kliniki za nchi tajiri huwapunguza wanawake sehemu hizo hizo kwa ajili ya urembo, kwa malipo na kwa leseni. Undumilakuwili huo upo, na wanaoutaja wana haki ya kuutaja.

Madhara kwa mwili sitayarefusha: kutokwa damu nyingi, maambukizi, maumivu ya kudumu, uchungu wa kuzaa unaokwama. Shirika la Afya Duniani halijaona faida hata moja ya kiafya.

Ugumu uko kwenye ridhaa. Mimi huipima kwa yale yanayompata anayekataa. Mwanamke wa mjini anayekataa upasuaji wa urembo kesho yake anakwenda kazini kama kawaida. Katika jamii inayokeketa, anayekataa huitwa mtoto hata akiwa na watoto wake, mahari yake huwa na maneno, na mama mkwe na wake wenza humkumbusha kila siku. Wapo waliokubali wakiwa tayari wameolewa, ili masimango yakome tu. Sheria ya Kenya inalijua hilo, ndiyo maana imefanya kumtukana mwanamke ambaye hajakeketwa kuwa kosa la jinai. Majaji nao walisema kwamba chini ya shinikizo la familia na ukoo, mwanamke mzima huweza kuwa katika hatari ileile ya mtoto.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Kifungu cha mwaka 1998 katika Kanuni ya Adhabu kinamlinda msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, Tarime upande wa Tanzania na Kuria upande wa Kenya, na msimu wa kukeketa unapofika wasichana huvushwa. Na huyo anayetimiza miaka 18 anaamka akiwa na baba yuleyule, shangazi walewale na wazee walewale. Sioni ni kitu gani kilichobadilika hata tuseme sasa yuko huru.

Hata hivyo, kuitetea marufuku si kuitetea kila adhabu iliyomo. Kenya kiwango kimeshuka, kutoka asilimia 38 ya wanawake mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022, ingawa miongoni mwa Wasomali wa kaskazini mashariki walio wengi bado wamekeketwa. Kinachoendelea kimejificha: kinafanyika usiku, kwa watoto wadogo zaidi, na huko Kisii mara nyingi kwa mkono wa mhudumu wa afya. Kifungo ni miaka isiyopungua mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000. Msichana anayejua kwamba akisema, mama yake atafungwa na wadogo zake watabaki bila mlezi, atanyamaza. Ningependa uzito wa sheria uelekee kwa wanaonufaika: ngariba, wahudumu wa afya wanaolipwa, na wazee wanaotangaza msimu na kupokea sehemu ya ada. Mama aliyeshinikizwa naye ana kosa, ila si kosa la kiwango hicho.

Linalonisumbua zaidi ni Januari. Kila Desemba wasichana hukimbilia nyumba salama za Tarime na Serengeti, nyingi zikiendeshwa na makanisa na mashirika ya hiari. Msimu ukiisha, wapo ambao wazazi wao wanakataa kuwapokea, au wanawapokea kwa sharti la kukeketwa mwaka unaofuata. Msichana huyo anahitaji ada ya shule, kitanda, na ofisa wa ustawi wa jamii atakayepanda hadi kijijini kuzungumza na baba yake zaidi ya mara moja. Serikali iliyomwambia kuwa ana haki ya kukataa ndiyo inayopaswa kugharamia hayo.