Mto Luiche hauhitaji fulana nyingine

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 hakuna kuvua, na sio sisi Kigoma peke yetu, nchi zote nne zenye Ziwa Tanganyika zilikubaliana, Burundi, Kongo, Zambia na sisi, lengo likiwa samaki wapumue na wazaliane. Watu walinung'unika sana, mwalo wa Kibirizi ulipoa, wamama wa kuanika dagaa wakabaki wanapiga stori, wabeba mizigo wengine wakarudi vijijini kwao kulima. Lakini walivumilia. Mimi naamini kufunga kulikua na maana, sitaki ubishi hapo.

Ubishi wangu ni huu: mvuvi kaambiwa akae nyumbani miezi mitatu kwa ajili ya ziwa, sasa yule anaelima mpaka ukingoni kabisa mwa mto Luiche, anaechoma tofali pale pale, anaechota mchanga kwa fuso, na hata sisi wa mjini ambao mitaro yetu yote inaishia huko huko ziwani, tuliambiwa nini? Hatukuambiwa kitu. Mzigo wa kulinda maji umebebwa na mtu mmoja tu, wa mwisho kabisa kule chini.

Kwa wasioijua Kigoma vizuri, Luiche ni mto unaoshuka kutoka milimani huku Kigoma Vijijini, unakuja kutawanyika kwenye bonde kubwa kusini mwa Ujiji alafu unaingia ziwani. Lile bonde ndio mpunga, ndio michikichi, ndio bustani za nyanya na mchicha unaokula wewe hapo Mwanga mjini. Mvua kubwa ikipiga nenda kasimame pembeni uangalie rangi ya maji, ni nyekundu, hayo sio maji ni mashamba ya watu yanahama. Na yakifika ziwani hayapotei. Watafiti walishaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba tope linaloletwa na mito linapunguza aina za samaki na viumbe wengine kwenye maji ya karibu na nchi kavu, kwa sababu samaki wengi wa huku wanakula ule ukijani unaoota kwenye mawe na wanazaliana kwenye mawe hayo hayo, tope likishafunika mawe biashara imeisha. Watu wanasikia ziwa lina kina cha karibu mita 1,470 wanadhani haliwezi kuchafuka. Kina kiko katikati huko. Samaki wa kwenye mawe anaishi hapa pembeni, kwenye kaeneo kadogo tu ambako ndio mto unamwaga.

Sasa kila mtu siku hizi anasema dawa ni ushirikiano wa wadau. Wadau, wadau, wadau! Nimeshahudhuria shughuli moja ya hao wadau kingo za Luiche, taasisi siitaji, ilikua Siku ya Mazingira Duniani. Fulana za kijani, turubai, spika, mgeni rasmi kachelewa, miche imepandwa kwenye mistari mizuri kabisa, picha zikapigwa, soda, tukaondoka. Siku ya Mazingira Duniani ni Juni 5. Mtu yeyote aliyezaliwa Kigoma anajua Juni ni kiangazi, mvua imeshakata tangu Mei na haitarudi mpaka Oktoba au Novemba huko. Nani atamwagilia ile miche miezi mitano? Hamna alieuliza, na mzee mwenye shamba la jirani alikua amesimama pale pale anatuangalia, angeulizwa hata kwa sekunde kumi angewaambia. Ila yeye sio mdau, yeye ni "jamii inayozunguka".

Kwenye hoja yangu mniruhusu niende mbali kidogo kabla sijarudi Ujiji. Kule Uingereza kuna mto unaitwa Mersey, unatokea upande wa Manchester unaenda kuingia baharini Liverpool, na sehemu ya njia hiyo wenyewe walichimba mfereji mkubwa wa meli, Manchester Ship Canal, ukafunguliwa mwaka 1894 ili meli za baharini zifike mpaka mjini kabisa. Kwa miaka na miaka viwanda vya pale vilimwaga kila takataka humo, rangi za nguo, kemikali, vinyesi vya miji mizima, mpaka ukawa miongoni mwa mito michafu zaidi Ulaya. Mwaka 1985 wakaanzisha kitu kinaitwa Mersey Basin Campaign. Serikali ndani, kampuni ya maji ndani, halmashauri ndani, viwanda ndani, shule na vikundi vya mitaani ndani. Wakajipa miaka 25. Ishirini na tano! Mwaka 1999 wakapewa tuzo ya kimataifa ya mito kule Brisbane, Australia, samaki aina ya samoni wakaanza kuonekana tena, zile gati za zamani za Salford zilizokua zimekufa zikageuzwa sehemu ya nyumba na ofisi na watu kupunga upepo. Mwaka 2010 muda wao ukaisha wakafunga kama walivyosema. Sio kwamba sasa kuna pepo kule, mpaka leo Waingereza wanagombana na makampuni ya maji kuhusu maji taka kwenye mito, lakini pale walipotoka na walipofika ni vitu viwili tofauti.

Kilichonishika mimi kwenye habari ile sio samoni. Ni mambo mawili. La kwanza hiyo miaka 25, sisi mradi wa mazingira ukiwa wa miaka mitatu tunaona mrefu, mwaka wa kwanza ni semina ya kutambulishana, wa pili ni kununua gari, wa tatu ni ripoti. La pili, wale jamaa hawakuishia kugombana na mto mkuu tu, walikua na kamati kwenye vimito vidogo vidogo huko mitaani, watu wa kijito chao wanakaa na kiwanda cha kijito chao na diwani wao.

Ila tusikopi kichwa kichwa. Mchafuzi wa Mersey alikua ana bomba. Bomba lina mwenyewe, mwenyewe ana akaunti benki, unamtumia bili. Mchafuzi wa Luiche ni mama mwenye robo eka ya maharage kwenye mteremko, na mwenzie, na mwenzie, mpaka mlima mzima. Hakuna hata mmoja anaemwaga sumu. Kila mmoja analima tu, tena analima kwa sababu watoto wanakula. Huyo ukimpelekea mgambo leo, kesho kahamia juu zaidi kwenye msitu, na hapo umeharibu mara mbili.

Na sheria ipo, wala tusidanganyane kwamba haipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira ya hapo. Isome vizuri. Haijasema mita 60 ni za kutazamwa tu. Mimi sio mwanasheria, lakini naona pana mlango wa kuongea hapo: mabingobingo ya kukatia ng'ombe, matete, mizinga ya nyuki, vitu ambavyo vinashika udongo na mwenye eneo anapata hela. Hata michikichi wengine wanaisema, na Kigoma hii tangu serikali ilipoanza kuisukuma tena mwaka 2018 miche inazalishwa pale kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, tatizo la mchikichi ni watu wanapalilia chini mpaka pawe peupe kama uwanja wa mpira, hapo tope linapita kama kawaida. Ukiacha majani chini sina ugomvi na wewe. Lakini mazungumzo hayo hayafanyiki, kinachofanyika ni watu kuja na kamba na rangi nyekundu kupiga vigingi, kila mtu anajua vigingi vikishapigwa gari likiondoka vinang'olewa usiku.

Tena mfano wa kufanya vizuri tunao hapa hapa, hatuna haja ya kwenda Manchester. Mwaka 1994 watu wa taasisi ya Jane Goodall walianzisha mradi wa TACARE hapa Kigoma, baada ya kuona misitu nje ya hifadhi ya Gombe imeisha, sokwe wamebaki kwenye kipande chao. Walipoenda vijijini hawakuanza na sokwe. Waliuliza watu mnataka nini, watu wakasema maji, zahanati, shule, chakula. Wakaanza na hayo. Miti ilikuja baadae, mipango ya matumizi ya ardhi ikaja baadae, vijiji vikatenga misitu yao vyenyewe na walinzi wao wenyewe, na kuna sehemu msitu uliokua vichaka ukarudi. Kahawa ya huko milimani nayo ikapata wanunuzi wa nje. Mtu anaweza akakosoa mengi pale lakini mpangilio wa maswali ulikua sahihi, na imekwenda miaka zaidi ya 30, haikuishia kwenye ripoti ya mwaka wa tatu.

Basi turudi bondeni, maana hapo ndipo penye utamu wa mjadala huu. Bonde la Luiche linaandaliwa skimu kubwa ya umwagiliaji, hekta 3,000, na mimi naifurahia kwa moyo wote kwa sababu tumechoka kula mchele wa kusafirishwa wakati tuna bonde kama lile. Ila nasikiliza watu wanavyoongea kuhusu skimu, utasikia banio (ule ukuta wa kugeuza maji ya mto yaingie mferejini), mfereji mkuu, mifereji ya matawi, zege, mkandarasi. Utasikia mara chache sana mtu anataja mlima. Jamani mfereji ni mto uliokatwa mkono! Maji mekundu yale yale niliyosema hapo juu ndio yanaingia kwenye banio, yakifika kwenye mfereji yanatulia, yakitulia tope linakaa chini, msimu wa pili mfereji umejaa nusu, chama cha wakulima kinaita watu na majembe kuzibua, wanakuja nusu yao, mwenye shamba la mwisho wa mfereji hapati maji, ugomvi. Hii sio ndoto yangu, ongea na mkulima yeyote wa skimu za zamani nchi hii atakwambia kazi kubwa ni tope. Kuzibua mfereji kila mwaka huku mlimani wanalima kushuka na mteremko ni kama kudeki sebule wakati bati linavuja.

Kwa hiyo ushirikiano ninaoutaka mimi ni wa hela kupanda mlima. Naongea wazi tu. Yule wa chini anaepata faida na maji, mwenye mpunga wa skimu, mamlaka ya maji ya mjini, kiwanda, bandari, kila mmoja analipa kitu, na sehemu ya hicho kitu inaenda kwa yule wa juu anaeambiwa asilime kwenye mteremko au alime kwa matuta ya kukinga maji. Hata sheria za kuanzia tunazo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, bodi ya bonde la Ziwa Tanganyika ofisi yake iko hapa hapa Kigoma na watumiaji wakubwa wa maji wanalipia vibali, na Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 nayo ina mfuko wake. Mabomba ya hela yapo. Yote yanaelekea ofisini, hakuna linaloelekea mlimani.

Najua kuna atakaesema sasa huyu anataka kuwalipa watu kwa kutoharibu, kesho kila mtu ataenda kulima mtoni ili alipwe. Hoja hiyo ina uzito, nimeifikiria sana. Lakini wavuvi mliwaambia wasivue bila kulipwa hata senti na wakatii, walau wengi wao, kwa sababu waliona kuna kitu kinarudi, waliona ziwa likifunguliwa litakua na samaki. Mkulima wa mlimani akiacha kulima mteremko hakuna kinachorudi kwake, kinarudi kwa mwenye mpunga asiyemjua kilomita kibao huko chini. Sio lazima apewe noti mkononi. Apewe miche ya kahawa na ya kivuli Novemba mvua zikianza na sio Juni, apewe bwana shamba anaefika kweli kweli, apewe mizinga, barabara ya kutolea mazao itengenezwe. Na kijiji kisichotunza kisipate mwaka unaofuata.

Na vikao hivyo visifanyike hotelini mjini. Vifanyike huko juu, shuleni au chini ya mwembe, wa skimu wapande wakaone mashamba yanakotoka tope lao, mwaka unaofuata wa juu nao washuke waoneshwe mfereji uliojaa, alafu ndio wakae meza moja wapigiane mahesabu, ekari ngapi za matuta, nani anatoa nini, lini. Mgeni rasmi akichelewa waanze bila yeye.