Watoto wa geti kali na wageni wa Jumamosi

Tangu Januari, nyumba yetu hapa Tabata inapokea wageni wa miaka minne kila Jumamosi, saa nne mpaka saa sita. Ni watoto wawili watatu wanaosoma chekechea moja na mwanangu. Wazazi tulikubaliana baada ya kuona maisha yao yanafanana: siku za wiki basi la shule, Jumamosi katuni, na geti limefungwa. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga alishangaa. Kwake mtoto hapangiwi siku ya kucheza. Anatoka, anakutana na wenzake uwanjani, magharibi anaitwa, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Akaniuliza kama haya ni malezi, au tunawarudishia watoto kwa ratiba kile tulichowanyang'anya kwa kuta.

Nianze na upande wangu. Uwanja anaoukumbuka mama, kwetu haupo. Kiwanja cha mwisho cha mtaa kilijengwa, na vichochoroni bodaboda hazina muda wa kumwona mtoto aliyejificha kombolela. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za kuutumia mwili kwa siku, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Mtoto wa peke yake sebuleni hazifikishi dakika hizo. Akipata mwenzake, hata kwenye kibaraza cha hatua sita, hatulii.

Kuna na faida ya kuzoeana. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alionyesha kwamba watoto wadogo huanza kwa kucheza kando kwa kando, kila mmoja na lake, na kadiri wanavyokua ndipo wanapoanza kucheza pamoja kwa kugawana kazi. Nimeliona hilo kwa macho. Januari walikuwa wakipeana migongo. Aprili walifungua duka: majani ya mwarobaini ndiyo mchicha, vizibo vya soda ndiyo hela. "Mia mbili." "Ghali, punguza." Maneno hayo hayakufundishwa na mwalimu yeyote, na yasingetoka kama sura zingekuwa mpya kila wiki. Ndiyo maana naitetea ratiba: mchezo wa namna hiyo unahitaji watu wale wale, tena na tena.

Sasa upande wa mama, ambao una uzito kuliko nilivyotaka kukubali. Uwanjani hakukuwa na mwenyeji. Nyumbani mwanangu ni mwenyeji, na kila kinachoguswa ni chake. Jumamosi ya pili alilikumbatia lori lake la plastiki kwa mikono miwili, akajibanza nyuma ya kochi, akalia mpaka wageni wakaanza kulia naye. Siku hizi tunachagua pamoja, kabla hawajafika, vitu viwili vya kuficha kabatini. Inasaidia, ila si dawa. Kibaya zaidi ni sisi watu wazima: ugomvi ukianza tu, tumeshaingilia. Uwanjani angekuwapo dada au kaka wa miaka tisa wa kuamua nani kaanza, na wadogo wangejifunza kwake. Tukialika wa umri mmoja tu, ngazi hiyo tumeivunja.

Usalama hauna pande mbili. Ndoo za maji zimwagwe au zifunikwe, karanga nzima zisiwe mezani, na mzazi anayeniachia mtoto ana haki ya kuniuliza nani atakuwapo nyumbani na nani atampeleka chooni. Nami nauliza vivyo hivyo, bila kuona haya.

Lakini jambo ambalo sikulihesabu ni la dada wa kazi. Watoto wanne, vikombe vya juisi, mchanga chini ya mkeka, nguo zilizolowa: nilikuwa najisifu kwa malezi huku jasho ni lake. Sasa Jumamosi asubuhi ni yake, na mimi ndiye ninayefagia. Asiyeweza kufanya hivyo, mara moja kwa wiki mbili inamtosha.

Na kuna lililonikata maini. Mwezi wa tano niliona vidole chini ya geti, kisha jicho. Alikuwa mtoto wa jirani mwenye genge la mboga, hatua ishirini kutoka kwetu. Tulikuwa tunawasubiri wageni wanaoletwa kwa gari kutoka Kimara, na huyu hatukuwahi kumwita. Mwanangu akauliza, "Naye aingie?" Nilimwomba mama yake ruhusa, akaingia na kaka yake wa miaka minane, wakiburuta gari la waya lenye magurudumu ya kandambili. Lori la plastiki halikuguswa siku hiyo.

Mzazi mmoja hakupendezwa, akaacha kumleta mwanawe. Nilisikitika, maana watoto wetu walikuwa wameshazoeana. Hata hivyo Jumamosi geti liko wazi saa mbili zote, nami nimekaa pale mlangoni kwenye kigoda, naangalia bodaboda. Wa Kimara wanaoendelea kuja wanakaribishwa. Wa mtaani hawahitaji kualikwa.