Kifaru kilichonila kidole

Wacha nianze kwa kusema kidole kiko sawa, kwa sababu huku Pipeline, Nakuru, hadithi imezunguka mpaka kinyozi wangu akaniuliza kama ni ukweli nilikatwa mkono. Sikukatwa kitu. Kilichotoka ni ngozi kidogo, na heshima.

Ndugu yangu anafanya kazi Doha, na mwaka juzi akija likizo aliniletea boksi, ndani kuna kifaru cha kuunganisha mwenyewe, T-72 ya Warusi, kipimo cha 1 kwa 35. Yaani kile chuma cha tani 41, mita tisa na nusu ukipima pamoja na mtutu, kinakuja kuwa sentimita 27, unakilaza kwa rula ya shule na rula inabaki. Alijua ananiletea ugonjwa. Mimi T-72 iliniingia kichwani tangu Septemba 2008, wakati maharamia wa Kisomali waliteka meli ya MV Faina ikija Mombasa na vifaru 33 vya aina hiyo ndani, na nikakaa nikifuata redio mpaka ilipoachiliwa Februari 2009. Vijana wenzangu walikuwa wanajua nani amefunga Arsenal, mimi nilikuwa najua T-72 ina watu watatu tu, dereva, mpiga mzinga na kamanda. Vifaru vingi vya enzi zake vilikuwa na mtu wa nne wa kupakia risasi, tuseme tanboi, lakini Warusi wakamfuta tanboi wakaweka mashine ya kuzunguka yenye nafasi 22 za risasi pale sakafuni, chini ya kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga. Wakaokoa nafasi sawa, lakini kikipigwa pale baruti yote inashika moto kwa pamoja, na kichwa chote cha kifaru kinaruka juu kama kifuniko cha preshakuka. Hiyo kitu ya kichwa kuachana na mwili muiweke akilini.

Boksi likakaa juu ya kabati karibu miaka miwili. Nilikuwa nangoja kupata muda. Mtu mwenye watoto wawili na kibanda cha kutengeneza simu akikwambia anangoja kupata muda, mhurumie tu.

Halafu Ijumaa moja binti yangu wa Gredi ya 4 akarudi na kazi ya shule ya mtaala wa CBC, watengeneze chombo cha usafiri kwa vitu vilivyotupwa, kipelekwe Jumatatu. Wazazi wa Kenya tunaielewa hiyo lugha, kazi ni ya mtoto lakini usingizi unaopotea ni wako. Kawaida mama yake ndiye hukesha na maboksi na gundi. Safari hii nikasimama katikati ya sebule nikasema, wacheni hii kwangu.

"Baba watoto, wewe?" mama watoto akauliza, kijiko kikiwa hewani.

Binti naye, "Lakini daddy, mwalimu alisema vitu vilivyotupwa."

Nikamwambia kile kifaru kimeponea kutupwa na mama yake mara tatu, kwa hivyo kinahesabika.

Jumamosi nikafunga kibanda mapema. Mnaofikiri hii ni kazi ya watoto, T-72 ina magurudumu sita kila upande, na kila moja ni mawili yamebanana, kwa hivyo kabla hujafanya kitu cha maana umeshakata na kupiga msasa vipande 24 vinavyofanana, na kuna cha 25 ambacho kimeanguka chini na mtoto mdogo anakitafuna. Nilifurahi lakini. Mkono wa kushika skrubu za simu haukunitupa, nikaweka mpaka vishikio vyembamba kama mguu wa mbu, kwa kijiti cha meno, nimebana pumzi. Jirani yetu, mzee aliyestaafu jeshini, akapita kuomba chumvi akabaki saa moja amekunja mikono nyuma. "Huo mnyororo umelegea," akasema. Nikamwambia afande, ni wa plastiki. Akasema hata wa plastiki ukilegea unachomoka.

Shida ya kwanza ilikuwa rangi. Rangi zenyewe za hii kazi ni vichupa vidogo, bei yake unanunua kuku, kwa hivyo nikaenda kwa fundi wa kupulizia magari akanimiminia kijani iliyobaki ya pikapu ya mtu, na tina ya kuchanganyia rangi ndani ya chupa ya soda. Nikapaka kwa brashi. Ikatoka safi, inang'aa, mpaka nikaona zile boliti ndogo pembeni zimeanza kulala, halafu upande mmoja wa bamba la kukinga matope ukajikunja kama chapati imekosa mafuta. Tina ya magari inakula hiyo plastiki! Nikafuta haraka, nikarushia vumbi la nje juu yake kuficha, na Nakuru tunajua kama kuna kitu hatutawahi kukosa ni vumbi. Afande alipoona akasema sasa kimefanana na kilichotoka vitani. Nilipaswa kuelewa pale kwamba plastiki na dawa kali hazikai nyumba moja. Sikuelewa.

Jumapili, mama watoto na watoto wameenda kanisani, mimi nimebaki na kichwa. Mtutu ulikuwa unacheza cheza kwa tundu lake, na ile gundi yenyewe ilikuwa imekauka kwa miaka miwili ya kungoja muda. Nikachukua supa gluu ya kazini. Mpango wangu ulikuwa mzuri tu, ninge­ingiza kidole cha shahada kwa lile shimo la chini la kichwa, nisukume mtutu kutoka ndani, halafu nidondoshe tone moja kwa juu. Tone likawa matatu. Yakapita kando ya mtutu yakashuka ndani taratibu, nikasikia kidole kimepata joto, joto kweli. Supa gluu hukaushwa na unyevu, na kidole cha mtu mwenye wasiwasi ndicho unyevu wenyewe. Nikavuta. Kichwa kikaja na mimi. Nikazungusha mkono, na mzinga ukazunguka vizuri kabisa, kuliko vile karatasi ya maelekezo ilivyoahidi, ila uliokuwa unazunguka ni mkono wangu.

Maji ya uvuguvugu na sabuni, nusu saa. Mafuta ya kupika. Familia ikarudi kutoka kanisani ikanikuta nimekaa mbele ya karai, kidole juu, na mzinga unaelekea kwa picha ya mama mkwe ukutani. Mama watoto hakucheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema kuna dawa ya kutolea kucha za kubandika, lakini dada wa hapa Pipeline huwa hafungui Jumapili, niende tao.

Sasa fikiria steji ya Pipeline Jumapili saa tisa, watu wote wametoka ibada, na wewe una kifaru mkononi. Nikavaa jaketi nene, nikaingiza mkono ndani kama mtu ana kidonda, nikafunga zipu nusu. Sikufikiria kwamba ule mtutu una urefu wa kalamu, mweusi kwa ncha, na umetokeza hapo kwa mbavu. Nikapanda matatu, nikakaa karibu na mama mmoja wa kitenge, Biblia mapajani.

Hatujafika mbali gari ikaruka tuta, na mtutu ukamgusa. Akaangalia chini. Akaniangalia usoni, na mimi nikiwa natoka jasho kwa sababu ya jaketi na maumivu, akaangalia chini tena. Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Mimi nikafikiri ni mtu wa maombi tu, nikamheshimu. Baadaye kidogo nikasikia kitu kimewekwa pajani kwangu polepole. Simu yake. Nikadhani imemponyoka, nikamrudishia kwa mkono wa kushoto. Akairudisha, na pochi juu yake.

"Kijana wangu," akanong'ona bila kugeuza shingo, "chukua zote. Niachie tu kitambulisho na kitabu cha chama."

Wueh! Nikakosa hata pa kuanzia. Nikasema, "Mama, hapana, ni kidole," na yeye akafunga macho, nafikiri alisikia vingine. Kijana wa kiti cha mbele akageuka, akaona ncha, akageukia mbele haraka, na saa yake ikapita juu ya bega ikanidondokea. Konda alikuwa anakusanya nauli, akafika kwa mstari wetu, akaona pochi, simu na saa mapajani mwangu, akarudisha mkono wake taratibu. "Sisi tuko sawa, bosi," akasema, akaruka mstari wote. Tukafika Free Area na hakuna aliyeshuka. Kuna mzee nilimsikia mwenyewe akisema "shukisha hapo", halafu akalimeza hilo neno.

Hapo ndio nikaogopa sasa mimi. Nilijua tukifika tao mtu mmoja akipiga kelele ya mwizi sitapata nafasi ya kueleza habari za Urusi. Nikasema kwa sauti, "Jameni, natoa mkono," na hiyo haikusaidia, watu walilala kwa sakafu ya matatu na nguo za kanisa. Nikafungua zipu nikainua mkono juu.

Kimya. Halafu katoto huko nyuma, "Mummy, ona, uncle amevaa tanki!"

Kicheko kilichofuata kilifanya dere aegeshe kando. Yule mama hakucheka. Alichukua pochi yake, akahesabu pesa mbele yangu noti kwa noti, akanipiga na Biblia begani mara moja, si kwa nguvu, halafu akaniuliza kinauma? Akaniombea pale pale.

Dada wa kucha tao alinigeuza mkono kwenye taa yake. "Nimetoa za akriliki, za jeli, hata za mtu aliyejibandika na gluu ya viatu," akasema, "hii sijawahi." Akamimina asetoni kwa kibakuli, nikazamisha. Baada ya dakika chache kidole kikaanza kupata uhuru, na kichwa cha T-72 kikaanza kulegea. Nilikitazama kikiondoka. Mlango wa kamanda, ule nilioweka na kijiti cha meno nimebana pumzi, uliteleza pembeni ukabaki unaning'inia kwa uzi kama chingamu, rangi ya pikapu ya mtu ikageuza kibakuli kuwa supu ya mboga, na mtutu ukainama taratibu kama mtu amesinzia kwa mkutano. Akataka mia tatu, bei ya kutoa seti nzima. Nikamwambia ni kidole kimoja. "Kidole kimoja na kifaru," akanijibu, na wateja wengine walikuwa upande wake.

Nyumbani nikakuta binti hakuningoja. Alikuwa amechukua mwili uliobaki bila kichwa, akaweka mbele kipande cha kopo la mafuta amekikunja, na juu kibanda cha boksi la unga. Katapila. Akaenda nalo shule Jumatatu na likapokelewa, ila mwalimu aliuliza kwa nini katapila ni la kijani, akaambiwa lilikuwa jeshi.

Jumanne nikapanda matatu kuenda tao kununua vioo vya simu, kidole kimefungwa bandeji. Nikakaa, nikachungulia dirishani. Konda akaja akasimama mbele yangu, akaangalia jaketi, akaangalia mikono yangu yote miwili, akanyoosha kiganja.

"Afande, leo naona huna silaha," akasema. "Lete ya leo na ya Jumapili. Na ya mstari wote."