CT skani ya tundu la sikio inaona ndani kabisa, ila haioni taya likicheza

Chukua kidole chako kidogo, ingiza ncha tu kwenye tundu la sikio, sio ndani sana, halafu fungua mdomo ufunge, fungua ufunge. Umesikia ukuta wa mbele unavyosogea? Pale mbele ya tundu ndo kichwa cha mfupa wa taya kilipokaa, ukifungua mdomo kinateleza kwenda mbele, gegedu linakifuata na tundu linapanuka. Nimeanzia hapo makusudi, manake kuna hoja naisikia kwamba tuache kusukuma silikoni kwenye masikio ya watu ili kutengeneza moldi za vifaa vya kusikia, yaani kile kiziba cha umbo la sikio la mtu kinachoshika kifaa, tuwapige tu CT (eksirei inayopiga mwili vipande vipande) au MRI (picha ya sumaku), kompyuta ichore tundu zima na printa ya 3D imalizie kazi. Mi nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii, ila iliyobaki inanisumbua kweli.

Uzuri wake kwanza. Tundu la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 na upana wa milimita 7 hivi, na halijanyooka, limejipinda kama herufi S. Theluthi ya nje ni gegedu, zinazobaki ni mfupa, na ngoma ya sikio kule mwisho imekaa mshazari, ndo maana ukuta wa mbele kwa chini ni mrefu kuliko ule wa nyuma kwa juu. Silikoni haifiki huko. Kabla ya kuisukuma na sirinji, mtaalamu anatanguliza kisponji chenye uzi kupita kona ya pili ili isiguse ngoma, unasubiri dakika chache ikauke, ukiivuta unabaki na umbo linaloishia pale kisponji kilipokaa. Na kama ngoma ina tobo halafu kisponji kikakaa vibaya, silikoni inaweza kupenya sikio la kati, na kuitoa huko inaweza kuhitaji upasuaji. Ndo maana waliotaka umbo zima walienda kwa maiti: watafiti Stinson na Lawton mwaka 1989 walichapisha vipimo vya matundu 15 yaliyopatikana kwa kumimina silikoni kwenye masikio ya maiti.

CT inakupa hilo umbo kwa mtu aliye hai, hewa inatoka nyeusi, mfupa mweupe, na kona zote unaziona. Na sehemu ya ndani sio ya kupuuza, kwa sababu tundu ni bomba lililozibwa upande mmoja, na bomba la sentimita 2.5 kwa hesabu linakuza sauti za karibu hezi 3,400, kwenye sikio halisi zinashuka kidogo kwa sababu bakuli la nje la sikio nalo linachangia urefu. Mtoto bomba lake ni fupi na dogo, kwa hiyo kifaa kilekile kikiwa kimewekwa vilevile kinamfikishia ngoma sauti kubwa kuliko mtu mzima. Na kwa mtoto aliyezaliwa bila tundu sina cha kubishana kabisa, daktari hawezi kwenda kuchimba mfupa bila kujua mshipa wa fahamu wa uso umepita wapi.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, hapa watu wanaziamini kupita kiasi. Mpaka kati ya hewa na ngozi kwenye picha sio mstari, ni kijivu, kwa sababu kijisehemu kimoja cha picha kimebeba hewa nusu na ngozi nusu, na wewe ndo unayeiambia programu ikate wapi. Chukua tundu la milimita 7, mpaka ukasogea milimita 0.3 tu kila upande, ambayo ni nusu ya kipande cha picha chenye unene wa milimita 0.6, unabaki na 6.4, na eneo la tundu limeshapungua kama asilimia 16! Bado nta, ambayo inaweza kuonekana kama sehemu ya ukuta. Bado ngoma, ambayo ni nyembamba kama milimita 0.1, kwa hiyo pale tundu linapoishia mara nyingi ni kukadiria. Na ukipima upana kwenye kipande cha mlalo badala ya kukata pembemraba na mhimili wa tundu lenyewe, umekata bomba kishazari na namba lazima ivimbe.

MRI haina mionzi, na hilo ni jambo kubwa sana, lakini kwake hewa na mfupa vyote vinatoka vyeusi, kinachovitenganisha ni ngozi, na kule ndani ngozi ni nyembamba mno.

Mionzi yenyewe, CT ya kichwa ni kama milisivati 2 (ndo kipimo cha mionzi mwilini), karibu na ile ya asili ambayo mtu anapata kwa mwaka mzima, wastani wa dunia ni 2.4. Kwa mgonjwa anayehitaji jibu sio tatizo, lakini mtoto ambaye sikio linakua na moldi inabadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, jamani, utampiga CT kila mara ili tu moldi ikae vizuri? Hapana. Halafu ile picha imepigwa amelala, ametulia, mdomo umefungwa, wakati moldi itavaliwa na mtu anayekula na kuongea, na moldi isiyojua taya inapiga filimbi au inasukumwa nje taratibu hadi inadondoka mezani. Silikoni unaweza kumwambia mtu afungue mdomo ikiwa inakauka.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa moldi ya kawaida silikoni ibaki. CT zilizokwisha kupigwa kwa sababu nyingine, kwa ridhaa na majina yakiwa yameondolewa, zipimwe zote tujenge modeli za umbo la ndani, na kila anayetoa kipimo aandike unene wa kipande, mpaka aliukata wapi na mdomo ulikuwaje. Na wenye MRI wanaofanya tafiti za sikio waongeze picha ya pili mtu akiwa ameng'ata kipande cha plastiki mdomo wazi, ni dakika chache tu za ziada na mionzi hakuna.