Jumapili Ile Tulikuwa Chini Yake Kabisa

Wiki iliyopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari hapa pwani, siku ya kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi za baadaye. Msichana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono akamuuliza mgeni wa heshima: wataalamu wanajuaje kwamba nyota imelipuka mbali huko, na wanafanyaje wakaiwahi kabla haijazimika? Mgeni akacheka. "Mwanangu, hayo ni mambo ya wenzetu. Wewe soma kitu kitakachokupa ugali." Darasa zima likacheka naye. Msichana akaketi, akafunga daftari lake.

Nilikuwa nimekaa nyuma na sikusema neno, kwa kumheshimu mkubwa mbele ya watoto. Naandika kwa sababu kunyamaza kule kumenikaa rohoni, na kwa sababu alichoambiwa mtoto yule si kweli. Tena ameambiwa hapa, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka Ngomeni, ambako setilaiti zilikuwa zikirushwa.

Milipuko aliyoiuliza, ile mikali kuliko yote, huitwa milipuko ya miale ya gamma: mimweko ya miale yenye nguvu kupita eksirei. Iligunduliwa bila kutafutwa. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti za Marekani ziitwazo Vela, zilizorushwa kuchunga nani anajaribu bomu la nyuklia kwa siri, zilinasa mmweko ambao haukutoka duniani. Habari ikachapishwa 1973. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyejua inatokea wapi, karibu na galaksi yetu au ukingoni mwa ulimwengu. Setilaiti ya Compton, iliyorushwa 1991, ilihesabu milipuko zaidi ya 2,700 na ubishi haukwisha. Tatizo ni hilo hilo alilolitaja msichana. Mmweko unadumu sekunde chache, na vifaa vya gamma vinakuonyesha eneo pana la anga, si nukta. Mpaka upate nukta ya kuelekeza darubini, mgeni keshaondoka.

Aliyefungua fundo hilo ni setilaiti ya Wataliano na Waholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa 30 Aprili 1996. Njia yake ililala karibu sawa na ikweta, na kila baada ya dakika 96 hivi ilipita juu ya Malindi ikashusha data zake zote kwenye antena yetu hapa, nazo zikatumwa Roma. Ijumaa ya tarehe 28 Februari 1997, saa kumi na mbili kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu, ikanasa mlipuko katika kundinyota la Jabari. Saa nane baadaye wataalamu walikuwa wameigeuza setilaiti nzima kuangalia pale pale, wakakuta kitu kinachong'aa kwa eksirei. Walipokirudia tarehe 3 Machi kilikuwa kimefifia mara 20 hivi. Usiku ule wa Ijumaa, darubini ya William Herschel kisiwani La Palma ilipiga picha ya eneo lile. Wanafunzi wawili wa udaktari wa Jan van Paradijs kule Amsterdam, Paul Groot na Titus Galama, wakailinganisha na picha ya siku nane baadaye wakaona nukta moja imepotea. Ndiyo mara ya kwanza binadamu kuona mwanga wa kawaida wa mlipuko wa gamma. Mei mwaka ule ule, mlipuko mwingine ulionaswa na BeppoSAX ukapimwa umbali kwa darubini ya Keck huko Hawaii: mabilioni ya miaka ya nuru. Ubishi wa miaka thelathini ukaisha.

Wanafunzi walioiona nukta hiyo! Na data zilizowaelekeza zilishukia Malindi kabla ya kufika Ulaya. Mtoto wa Malindi anastahili kujua hilo kabla hajafika kidato cha tatu.

Sitarefusha habari ya setilaiti iitwayo Uhuru. Setilaiti ya kwanza ya eksirei duniani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na ikapewa jina la Kiswahili. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, akapata Nobeli 2002.

Najua jibu nitakalopewa: antena ni ya Wataliano, sisi tulitoa ufuo tu. Sawa, nalikubali hilo, ingawa linaniuma. Lakini kufuatilia mlipuko kuna upande mwingine ambao haumilikiwi na taifa lolote, nao ni usiku. Mwanga wa mlipuko hufifia saa baada ya saa. Darubini ya Chile haiwezi kuona kitu mchana, hata ingekuwa na kioo cha upana gani. Kazi inakwenda kwa zamu, kama walinzi wa usiku wanavyopokezana, na zamu ya kila mahali inaanza jua linapozama pale.

Chukua tarehe 9 Oktoba 2022. Siku hiyo ulifika mlipuko wa gamma mkali kuliko wote uliowahi kupimwa, uliopewa jina GRB 221009A, kutoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 2 na zaidi, ukatikisa hata tabaka la juu la hewa yetu. Setilaiti ya Fermi iliunasa saa 10 na dakika 17 alasiri kwa saa zetu. Setilaiti nyingine, Swift, ambayo nayo hushusha data zake hapa Malindi, ikaugundua saa 11 na dakika 10 jioni, na kwanza wataalamu wakadhani ni kitu cha ndani ya galaksi yetu. Tangazo likaenda dunia nzima kwa darubini yoyote iliyo tayari. Ilikuwa Jumapili. Hapa kwetu ilibaki karibu saa moja tu jua lizame.

Nimekaa na ramani ya anga nikapiga hesabu mara tatu, kwa kuwa sikuamini. Giza lilipoingia Malindi jioni ile, kundinyota dogo la Sagita, ulikoonekana mlipuko huo, lilikuwa karibu na utosi, zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Uso kwa uso! Watu wa La Palma walikuwa bado kwenye mwanga wa mchana, wana karibu saa nne za kungoja. Mimi nilikuwa barazani na kikombe cha kahawa, Mfungo Sita, mwezi mpevu unapanda kutoka baharini, nikausifu mwezi. Kile kilichokuwa juu ya kichwa changu nilikuja kukijua baada ya siku mbili.

Na mwezi ule haukuwa udhuru mdogo, nakubali. Darubini za H.E.S.S. kule Namibia, ambazo 2018 na 2019 zilinasa miale ya nishati kubwa sana ya milipuko mingine miwili, safari hii zilizuiwa na mbalamwezi, zikaanza kutazama saa 53 baada ya mlipuko. Lakini H.E.S.S. inatafuta mmweko hafifu mno. Kwa darubini ya kawaida yenye kamera, jioni ile bado kulikuwa na kitu cha kupiga picha, na wapenzi wa nyota sehemu mbalimbali za dunia walikipiga. Mwaka 2003 Berto Monard, mpenzi wa nyota wa Pretoria, alitumia darubini yake binafsi kugundua mng'ao wa mlipuko kabla ya wenye vioo vikubwa. Pretoria iko Afrika hii hii.

Mtaniambia hewa ya pwani ina unyevu. Ni kweli, ipelekwe nyanda za juu kavu za kaskazini. Mtaniambia hospitali hazina dawa. Ni kweli, na sitaki shilingi itoke huko. Nasema tu kwamba darubini ya kioo cha nusu mita, iliyokaa karibu na ikweta ambako kaskazini na kusini mwa anga vyote vinaonekana, ingeijaza zamu ya jioni zetu, na anayeiendesha angeweza kuwa yule msichana.

Babu yangu alikuwa nahodha. Hakusoma shule, ila Jabari na Kilimia alizijua kama anavyojua wanawe, na alijua ipi inachomoza mwezi gani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyota ni mambo ya wenzetu. Angeshangaa sana.

Jana nilimpigia simu mwalimu wa fizikia wa shule ile nikamwomba saa moja ya darasa lake. Amenipa Ijumaa. Nitakwenda na ramani ya anga ya jioni ya tarehe 9 Oktoba 2022, na picha mbili za mwaka 1997, ile yenye nukta na ile isiyo nayo. Nitampa msichana yule zote mbili mkononi, nimwache atafute mwenyewe kilichopotea.