Wimbo tuliomtungia Anti

Mama yangu akitaka kumwita jirani wa ng'ambo ya barabara, pale kwetu Chikongola, hupaza sauti tu: "Shoga! Wewe shoga, njoo uonje mboga!" Wapita njia hawageuki. Neno hilohilo likitoka kwa kijana wa kidato cha pili kwenda kwa mvulana mwenzake, kuna mtu atarudi nyumbani siku hiyo na shati lililochanika.

Rafiki yangu mmoja anapiga video za wasanii chipukizi hapa Mtwara. Ana kamera moja na droni ya kuazima, na kila video yake lazima ipite ufukwe wa Shangani hata kama wimbo unahusu msiba. Safari hii alikuwa na wazo zito zaidi: vijana wanaoonewa shuleni kwa kuitwa hayo majina. Akaniomba nimtafutie walivyofanya wenzetu wa nje. Nimemaliza bando la wiki nzima, na haya ndiyo maoni yangu, ayachukue au ayaache.

Video inayotajwa sana ni College Boy ya kundi la Indochine la Ufaransa. Ilitoka mwaka 2013 na iliongozwa na Xavier Dolan, kijana kutoka Quebec, Kanada. Picha ni nyeusi na nyeupe. Mwanafunzi anaanza kwa kurushiwa vipande vya karatasi darasani, kisha vipigo, na mwisho anasulubiwa kwenye uwanja wa shule na kupigwa risasi, huku watu wamesimama na vitambaa machoni. Chombo kinachosimamia utangazaji kule Ufaransa kikaanza kuzungumzia kuwazuia watoto wasiione. Mwezi huohuo, Mei, sheria ya ndoa ya jinsia moja ilikuwa inatiwa saini nchini kwao, kwa hiyo moto ulikuwa umeshawaka kabla ya video.

Vile vitambaa machoni nimevipenda. Msalaba ndio umenikwaza, na si kwa sababu ya dini peke yake, ingawa katika mji kama huu, wenye adhana na kengele, ukiweka msalaba kwenye video watu watajadili msalaba hadi wiki iishe na mtoto asahaulike. Shida yangu ni kwamba risasi inamwachia mtazamaji nafasi ya kuchomoka. Mimi nilipofika pale nilishusha pumzi kabisa. Nikajisemea, sisi hatujawahi kumsulubu mtu. Karatasi tulirusha, ndiyo, lakini karatasi tu. Dolan alikuwa amenishika kooni dakika ya kwanza, kisha akaniachia mwenyewe.

Iliyonikaa zaidi ni ya zamani, Smalltown Boy ya Bronski Beat wa Uingereza, mwaka 1984. Kijana anavamiwa na genge, polisi wanamrudisha kwao, wazazi wanajua kilichotokea, naye anafunga safari na kupanda treni. Basi. Hakuna anayekufa. Na wimbo wenyewe unachezeka. Watu wameucheza kwenye madisko miaka yote hii, wengine bila kusikiliza maneno. Mtu anaweza kuona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo nguvu yake, maana uonevu wa shuleni nao husafiri hivyohivyo, kwa kitu kinachoshika mdomoni.

Hapo ndipo ninaporudi kwa Anti.

Tulimwita hivyo mwaka 2004, kidato cha pili. Jina lake halisi sitaliandika. Makosa yake yalikuwa haya: alitembea kwa madaha, alipenda kukaa na wasichana waliokuwa wakicheza netiboli, na alitahiriwa hospitali akiwa mchanga, hakulala jandoni na sisi. Hili la tatu ndilo lililommaliza. Jandoni mnafundishwa nyimbo, na mvulana asiyezijua hata umri ukienda mtamwona mtoto. Kama Anti alikuwa na lolote zaidi ya hayo moyoni mwake, hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Jina lilitangulia, ushahidi ukatafutwa baadaye.

Tukamtungia wimbo. Tulichukua mapigo ya bongo fleva iliyokuwa inatamba redioni, tukaweka maneno yetu, mistari minne. Mwalimu wa hesabu akimwita ubaoni, watu wa dawati la nyuma wanaanza kuuvuma midomo imefungwa, na mwalimu hajui atoke na nani. Ninaikumbuka chaki mkononi mwake ikitetemeka hadi alama ya kujumlisha inatoka kama herufi. Swali alikuwa analiweza. Mstari wa tatu wa wimbo ule niliutunga mimi, na kwa muda mrefu niliona ndio mzuri kuliko yote.

Wala hatukubuni kitu kipya. Mtoto kikojozi Uswahilini alikuwa akizungushwa mtaani kwa nyimbo, wakubwa wanatazama na kucheka. Wimbo kwetu ni fimbo ya siku nyingi.

Mwaka ule, masika, alihamishwa. Niliwahi stendi alfajiri kumsindikiza bibi, nikamwona dirishani kwenye basi la Dar es Salaam. Enzi hizo kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa tope tupu, watu walilala njiani. Nilinyanyua mkono. Akavuta pazia. Kwa hiyo ile treni ya Waingereza ilipoondoka kwenye simu yangu, mimi nilisikia honi ya basi.

Rafiki yangu anauliza nani ataipiga video ya namna hiyo. Swali la haki. Kenya mwaka 2016 bodi ya filamu iliupiga marufuku wimbo wa Same Love uliofanyiwa marudio kule, ikataka hata Google waiondoe video. Ule ulizungumzia mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja, na hapa kwetu kwa hayo kanuni ya adhabu inataja kifungo kisichopungua miaka 30, kwa hiyo najua redio gani haitaugusa: zote. Lakini mimi sizungumzii hilo. Nazungumzia mtoto wa miaka 14 aliyefungiwa chooni na wenzake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumtesa. Haikuweka pembeni wanaotembea kwa madaha. Mchungaji na sheikh wanaweza kukaa na fikra zao zilezile na bado wakakubali kwamba mtoto asipigwe mawe.

Ningemshauri basi aachane na damu. Apige darasa, ubao, chaki, na kamera igeuke kutazama dawati la nyuma, midomo iliyofungwa inayovuma. Na wimbo uwe mtamu.

Juzi nilimwonyesha mpwa wangu dakika ile ya kwanza ya College Boy, nikaisimamisha kabla ya vipigo. Ana miaka 14.

"Mjomba, kwani kafanya nini?" akauliza.

"Hajafanya kitu."

"Aah, mjomba. Lazima kuna kitu kafanya."

Nikaona nimweleze kwa mfano wa nyumbani. Nikamsimulia Anti, na ili aelewe vizuri nikamwimbia ule wimbo, mistari yote minne, nikitegemea atanyamaza. Alicheka hadi akashika tumbo. Kwenye mstari wa tatu hasa.

Jioni alikuwa bafuni, maji yanamwagika, nikamsikia anaupiga mluzi. Hakukosea hata kipande kimoja.